Mwekezaji wa Kigeni Akija Kwale: Ardhi, Vibali na Nafasi ya Mkazi

Barabara ya Dongo Kundu imebadilisha hesabu za upande huu wa Pwani. Lori likitoka Miritini sasa linafika Kibundani bila kungoja feri ya Likoni, na eneo maalum la kiuchumi linaloandaliwa Dongo Kundu liko jirani kabisa na mpaka wa Kwale na Mombasa. Kwa mwenye shamba Matuga au Tiwi, anayekuja kuuliza bei ya ekari leo si lazima awe mtu wa kijiji cha pili. Huenda ametumwa na kampuni ambayo makao yake makuu yako bara jingine.

Biashara za wageni si jambo jipya katika kaunti hii. Diani imeishi nazo kwa miongo mingi: Wajerumani, Waitaliano, Waswisi na Waingereza wenye hoteli, nyumba za kukodisha, mikahawa na shule za kupiga mbizi. Wakazi waliohama Maumba na Nguluku wanamjua mwekezaji wa aina nyingine, yule wa mgodi. Hata hivyo, maswali yanayoulizwa katika mabaraza ni yale yale kila mwaka. Nani alimruhusu? Ardhi ameipataje? Vijana wetu watapata nini? Mara nyingi maswali hayo huulizwa wakati ua umeshajengwa na trekta liko kazini.

Makala haya yanaeleza hatua ambazo mgeni hupitia ili kuanzisha biashara nchini Kenya, ni ofisi gani hutoa kibali gani, na ni wakati gani mkazi anaweza kusema neno likasikika.

Usajili hufanyika serikali kuu

Wakazi wengi huamini kwamba mwekezaji huanzia kwa Gavana. Sivyo. Kampuni husajiliwa na Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS, ambayo ni asasi ya serikali kuu, kupitia mtandao wa eCitizen na chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015. Mgeni ana njia mbili kuu. Anaweza kuunda kampuni mpya ya Kenya ambayo hisa zake anazimiliki yeye, au kusajili tawi la kampuni iliyoko kwao. Akichagua tawi, ni lazima awe na mwakilishi anayeishi hapa nchini, wa kupokea barua za serikali na hati za mahakama.

Baada ya hapo kampuni huchukua PIN ya KRA. Mwekezaji anayetaka kuishi hapa na kusimamia biashara yake mwenyewe huomba kibali cha kazi cha daraja la G, ambacho humtaka aonyeshe mtaji usiopungua dola 100,000 za Marekani. Kiwango hicho ndicho pia kilichomo katika Sheria ya Kukuza Uwekezaji ya 2004 kwa mgeni anayeomba cheti cha Mamlaka ya Uwekezaji, KenInvest. Kwa hiyo mtalii aliyependa bahari na kuamua kufungua kibanda cha sharubati kwa ruhusa ya matembezi anavunja sheria, hata kama kila mtu ufuoni anampenda.

Jambo la kushika hapa ni kwamba cheti cha usajili hakimpi mtu ardhi, hakimpi ruhusa ya kujenga wala ya kuchimba. Ni kama kitambulisho tu. Mwakilishi wa kampuni akiingia kijijini na kupunga cheti cha BRS, amethibitisha kwamba kampuni ipo na si zaidi ya hapo.

Mkazi naye anaweza kuichunguza kampuni hiyo. Kwa ada ndogo kwenye eCitizen, mtu yeyote anaweza kuomba hati inayojulikana kama CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni. Ukoo unaotaka kukodisha ekari ishirini kwa kampuni ambayo haujawahi kuisikia haufai kutia saini kabla ya kuisoma hati hiyo. Zipo kampuni ambazo jina lake ni la Ulaya lakini mwenye hisa wa pekee ni dalali wa mjini, na zipo zenye jina la Kidigo ambazo Mdigo hayumo.

Ardhi: miaka 99, na si zaidi

Hapa ndipo palipo na mzigo, na ndipo wengi huumia.

Ibara ya 65 ya Katiba inasema mtu asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa kukodi tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Ikiwa mkataba umeandikwa kwamba mgeni ameuziwa ardhi ya umiliki wa kudumu, Katiba inauhesabu kuwa ni wa kukodi miaka 99 na hakuna zaidi. Kampuni nayo huhesabiwa kuwa raia ikiwa tu hisa zake zote ni za raia wa Kenya. Mgeni akiwa na hisa moja kati ya elfu, kampuni hiyo kwa mambo ya ardhi si raia.

Ardhi ya kilimo ina kizuizi kingine. Uuzaji au ukodishaji wake hautambuliki bila idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inaitaka bodi kukataa ombi ikiwa anayechukua si raia, au ni kampuni ya watu binafsi yenye mwanachama asiye raia, isipokuwa kama Rais ametoa msamaha maalum. Maombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu kuandikiana. Bila idhini hiyo, mapatano ni batili, na aliyelipa anaweza kudai fedha zake kama deni. Maana yake ni kwamba mkazi aliyepokea malipo, akajenga nyumba na kuoza mtoto, anaweza kutakiwa azirudishe zote.

Ufuoni na mpakani sheria ni kali zaidi. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, Sheria ya Ardhi inazitaja ploti za safu ya kwanza na ya pili kutoka mstari wa maji kujaa, pamoja na ardhi iliyo ndani ya kilomita 25 kutoka mpaka wa nchi kavu, kuwa ardhi yenye masharti maalum. Haiwezi kupewa asiye raia bila idhini ya maandishi ya Waziri wa Ardhi. Kwa Kwale hilo linagusa Diani, Tiwi, Galu, Msambweni na sehemu kubwa ya Lunga Lunga inayopakana na Tanzania.

Kwa sababu ya masharti haya, pwani yetu ina mchezo wa siku nyingi: jina la kuazima. Mgeni anatoa fedha, ploti inaandikwa jina la mkazi, pengine mpenzi wake, mlinzi wake au rafiki wa ufuoni, na pembeni inaandikwa karatasi ya siri kwamba mwenye mali hasa ni mgeni. Wanaofanya hivi hudhani wameizunguka sheria. Ibara hiyo hiyo ya 65 imeshawafikia: mali inayoshikwa kwa amana huhesabiwa ni ya raia pale tu ambapo manufaa yake yote ni ya raia. Ile karatasi ya siri, inayoandikwa ili kumlinda mgeni, ndiyo inayothibitisha kwamba ardhi haikuwa ya raia.

Aliyeazima jina naye hayuko salama. Ada za ardhi zisipolipwa, dai linakuja kwa jina lake. Akiwekwa kuwa mkurugenzi wa kampuni bila kujua kazi ya mkurugenzi, KRA itamwandikia yeye kuhusu kodi ambayo haikulipwa, na benki itamtafuta yeye kwa mkopo aliousaini bila kusoma. Mgeni anaweza kupanda ndege. Ni kweli pia kwamba wageni wamepoteza mali zao kwa njia hii, pale mwenye jina alipofariki na warithi wakaja na hati mkononi. Haki ya upande wowote ni ngumu kupatikana katika jambo lililoanza kwa kificho.

Njia ya wazi ipo. Mwenye ardhi anaweza kuikodisha kwa miaka kadhaa, kwa mkataba ulioandikwa na wakili, wenye kodi inayopitiwa upya kila baada ya muda uliokubaliwa, na kifungu kinachosema majengo yatakuwa ya nani mkataba ukiisha. Kwa familia nyingi za ufuoni hili lingekuwa bora kuliko kuuza mara moja. Kabla ya kusaini, utafutaji rasmi ufanywe katika ofisi ya usajili wa ardhi, na idhini ya mke au mume ipatikane pale ardhi ni ya familia. Msitu wa kaya usiguswe kabisa. Kaya Kinondo, kwa mfano, imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, na hakuna mzee mwenye mamlaka ya kuukata kipande akampa mwekezaji.

Ardhi ya jamii, mfano wa malisho ya upande wa Kinango na Mwereni, ina sheria yake, ya 2016. Mkataba na mwekezaji unapita tu ikiwa umekubaliwa na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo, katika mkutano ulioitishwa kwa ajili ya ombi hilo na ambao theluthi mbili ya watu wazima wamehudhuria. Saini za wazee watano chini ya mwembe hazitoshi, hata wakiwa ndio viongozi. Pale ardhi ya jamii haijasajiliwa, Serikali ya Kaunti huishika kwa niaba ya jamii, na sheria inaikataza kuiuza au kuigawa.

Yaliyotokea Kinangop na Loiyangalani

Hasara ya kuruka hatua hizi imeshaonekana katika kaunti nyingine, na haikuwa ya wanakijiji peke yao. Kinangop, Kaunti ya Nyandarua, wawekezaji wa kigeni walipanga mradi wa umeme wa upepo wa megawati 60.8. Wakazi walikuwa na malalamiko juu ya ardhi, fidia na usalama, maandamano yakazuka, na mapema 2015 mtu aliuawa kwa risasi. Februari 2016 mradi ukatangazwa kufutwa. Haukuzalisha hata uniti moja ya umeme.

Marsabit mradi ulikamilika, lakini kesi haikukwepeka. Mitambo 365 ya upepo ya Lake Turkana Wind Power, yenye uwezo wa megawati 310, ilijengwa kwenye ardhi ya takriban ekari 150,000 huko Loiyangalani. Wanajamii walienda mahakamani, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilitolewa bila kufuata utaratibu uliowekwa na sheria. Hebu fikiria benki iliyokopesha fedha za mradi mkubwa hivyo ikisoma hukumu hiyo.

Kwa sababu hii mwekezaji makini hauogopi mkutano wa wananchi. Huutaka, na huutaka mapema.

Wakati wa kusema

Nafasi mbili za mkazi zimo ndani ya sheria, na zote zina tarehe.

Ya kwanza ni ya mazingira. Mradi wenye athari kubwa hauwezi kuanza bila leseni ya NEMA, na kabla ya leseni hufanywa tathmini ya athari kwa mazingira. Wataalamu wanaoiandaa wanapaswa kuwahoji majirani wa mradi. Ripoti ikishawasilishwa, NEMA hutangaza magazetini na katika Gazeti Rasmi la Serikali, ikiwaalika wananchi kutoa maoni kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa. Ripoti yenyewe iko wazi kusomwa. Ni nene, na kurasa za kusoma kwanza ni zile za maji na za taka. Maji ya mradi yatatoka kisima gani au mto gani? Maji machafu yatamwagwa wapi? Anayepinga leseni iliyotolewa anaweza kukata rufaa kwa Baraza la Kitaifa la Mazingira, na muda wa kufanya hivyo ni siku 60.

Ya pili iko mikononi mwa kaunti. Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, hakuna anayejenga wala kubadilisha matumizi ya ardhi, tuseme kutoka kilimo kuwa hoteli, bila idhini ya maendeleo kutoka Serikali ya Kaunti. Mwombaji anatakiwa kuutangazia umma mradi anaokusudia ili wenye pingamizi walete. Ubao unaowekwa kando ya ploti, ambao watu hupita bila kuusoma, ndio mwaliko wenyewe. Asiyeridhika na uamuzi uliotolewa ana siku 14 kupeleka rufaa kwa Kamati ya Uhusiano ya Mipango ya Kaunti. Wiki mbili huisha upesi.

Pingamizi lenye nguvu ni lile linalotaja jambo: njia ya wavuvi kwenda ufuoni itafungwa, kisima kiko mita kadhaa kutoka kwa shimo la maji taka, makaburi ya ukoo yamo ndani ya ploti. Barua inayosema tu kwamba wananchi hawataki mradi huu haimpi afisa kitu cha kushughulikia.

Kazi na karatasi zake

Ahadi ya kazi ndiyo hutolewa kwa sauti kubwa zaidi siku ya baraza, na ndiyo huandikwa kwa uchache zaidi. Mwajiri wa kigeni hafanyiwi sheria yake. Sheria ya Ajira ya 2007 inamfunga kama inavyomfunga mwenye duka wa Ukunda. Kazi ya miezi 3 au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja haendelei kuwa kibarua. Sheria inamhesabu kuwa mfanyakazi wa mwezi. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi, zenye malipo.

Makato nayo yakaguliwe. Mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya SHA na asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri huongeza asilimia 1.5 nyingine upande wa nyumba. Kuna NSSF pia. Mfanyakazi wa hoteli anayekatwa kila mwezi lakini akifika hospitalini anaambiwa hajalipiwa anapaswa kwenda na hati zake za mshahara kwa afisa wa leba.

Kuhusu wataalamu kutoka nje, kibali cha daraja la D hutolewa kwa ujuzi usiopatikana kwa urahisi nchini. Meneja wa chakula, dereva au karani wa mapokezi hawamo katika hesabu hiyo. Yafaa vijana wanaposikiliza ahadi za baraza waulize idadi, aina ya kazi na muda wake. Ujenzi huhitaji mikono mingi kwa mwaka mmoja au miwili. Hoteli ikishafunguliwa au mtambo ukishawashwa, idadi hushuka sana.

Pesa zinakokwenda

Kuna dhana kwamba kila shilingi inayolipwa na mwekezaji huingia Kwale. Kodi ya faida, ambayo kwa kampuni ni asilimia 30, VAT, ushuru wa forodha na kodi ya mishahara hukusanywa na KRA na kuingia hazina ya taifa. Kaunti hurudishiwa mgao wake pamoja na kaunti nyingine zote 46, na Katiba inataka mgao wa kaunti zote kwa pamoja usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa. Yanayokusanywa moja kwa moja hapa ni kibali cha biashara, ada za ardhi, ada za ramani za ujenzi, leseni za vileo, mabango na ushuru wa mazao kama mchanga na mawe. Ndani ya maeneo maalum ya kiuchumi kodi ya faida hupunguzwa hadi asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza na 15 kwa miaka 10 inayofuata, kwa hiyo faida ya eneo kama hilo kwa majirani hutafutwa zaidi katika ajira na manunuzi.

Madini yana utaratibu wa pekee, na Kwale inaufahamu kuliko kaunti yoyote. Utafiti wa mchanga wa titani ulianza miaka ya 1990 na kampuni ya Kanada. Leseni ya uchimbaji ilitolewa 2004. Base Resources ya Australia ikaununua mradi 2010, uzalishaji ukaanza mwishoni mwa 2013, na meli ya kwanza ikapakia Likoni Februari 2014. Miaka 10 ilipita kati ya leseni na meli, na muda huo familia za Maumba na Nguluku ziliishi bila kujua zipande nini cha kudumu. Nyingine zilihamishiwa Bwiti. Desemba 2024 uchimbaji ukakoma kwa sababu madini yenye faida yalikwisha.

Katikati ya safari hiyo ndipo Sheria ya Madini ya 2016 ilipopitishwa, na inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii inayoishi eneo la mgodi. Mchimbaji mkubwa pia anatakiwa kutia saini mkataba wa maendeleo na jamii, na kuutengea kila mwaka fedha zisizopungua asilimia 1 ya mauzo ghafi ya madini. Kampuni nyingine ya madini ikija kesho, mkataba huo ujadiliwe kabla ya shimo la kwanza, ukiwa na majibu ya jambo ambalo Kwale inalikabili sasa: mgodi ukifungwa, ardhi itarudi kwa nani, katika hali gani, na bwawa la Mukurumudzi litahudumia nani.

Mkazi anayetaka kujua kama mradi fulani una idhini ya maendeleo, au kusoma mkataba ambao kaunti imeuingia, hahitaji kumjua mtu ofisini. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016 anaweza kuandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kueleza sababu, akalipeleka katika ofisi ya umma inayoshika habari hiyo. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Asiyejua kuandika husaidiwa na afisa, ambaye anawajibika kuliandika ombi hilo na kumpa mwombaji nakala. Ikiwa jibu halikuja, au habari imezuiwa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, inayojulikana kama Ofisi ya Ombudsman, ambayo ina tawi lake Mombasa.